Chairlady wa Ploti

Pampu ilikufa, mwenye ploti akawa hashiki simu, na sisi wapangaji wa mtaa wa Pipeline, Nairobi, tukawa tunanunua maji ya mitungi na kuyapandisha ngazi hadi ghorofa za juu. Mgongo wangu ulikuwa umeshachoka. Jumapili moja baada ya kanisa tukakutana uani tumchague mwenyekiti wa kwenda kumkabili mwenye ploti. Mikono ikainuliwa, nikapata mimi.

Hata sijamaliza kushukuru, mzee wa ghorofa ya chini akasimama. Huyu alikuwa karani wa kansoli ya jiji kabla ya kustaafu, na Kiingereza chake hukipiga pasi kwanza ndipo akitoe.

"Tunampongeza chairlady wetu," akasema. "Sasa tuchague chairman."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Mzee, si mmeshanichagua?"

"Wewe ni chairlady, mama. Utatushughulikia mambo ya matanga, wagonjwa, chai. Chairman ndiye ataenda kwa mwenye ploti. Ni lugha tu, usikasirike."

Nilikasirika, na sioni haya kusema. Kiti tulichokipigia kura kwa Kiswahili kilikuwa kimoja. Kupitishwa tu kwenye Kiingereza, vikatoka viti viwili, kimoja cha kazi na kingine cha kuchemsha chai.

Mimi na lugha hiyo tulianza kukosana zamani, shule ya msingi kule mtaa wa Jericho. Niliandika insha kuhusu mama yangu, nikamwita "he" ukurasa mzima, maana nyumbani mama ni yeye na baba ni yeye. Darasa likacheka. Mwalimu akaniambia nisome vizuri nijue nani ni nani. Nikasoma. Ndipo nikakuta kila daktari kitabuni ni "he", rubani ni "he", hata mtu asiyejulikana ni nani, naye ni "he". Muuguzi peke yake ndiye aliyeponea, akaitwa "she". Nilipouliza, nikaambiwa huyo "he" ametubeba sote. Mimi hajawahi kunibeba popote.

Kiswahili nacho si malaika. Mwanamume anaoa, mimi naolewa, kama mzigo unaohamishwa. Lakini kwenye kile kiti wenye lugha hawakuandika mwanamume wala mwanamke, na sikuwa tayari kuandikiwa pale uani.

"Heshima yako iko, mzee," nikamwambia, "lakini kiti sigawi."

"Zii, tushachagua," akadakia msichana wa ghorofa ya nne, mtoto mgongoni. Watu wakaitikia. Mzee akakaa, akinung'unika kwamba mwenye ploti atatucheka, na kwamba lazima yeye aende nami awe shahidi.

Kesho yake tukaenda ofisini, mimi mbele, mzee nyuma. Macho ya mwenye ploti yakanipita kana kwamba mlangoni hapakuwa na mtu. Akainuka, akanyoosha mkono juu ya meza kuelekea kwa mzee.

"Karibu, chairman."

Mzee akaanza kuunyoosha wake. Nikamwahi. Nikaukamata mkono wa mwenye ploti, nikaubana hasa, mpaka ikabidi aniangalie usoni.

"Mwenyekiti ni mimi," nikasema. "Tumekuja kwa sababu ya maji, na mkono huu siuachi mpaka uniambie pampu inakuja lini."