Namba Nne Darajani

Edinala Mulima alikuwa mpima maji wa wilaya yetu ya Thyolo, nami dereva wa pikipiki ya ofisi. Nilimbeba miaka tisa, chupa zake zikigongana kikapuni, na sikumsikia hata siku moja akimpandishia mtu sauti. Hasira za wote wawili nilikuwa nazo mimi. Nayasema mapema, mkiniona nafoka msishangae.

Jumamosi moja pipa la dawa ya wadudu lilipinduka kwenye banda la shamba la chai, lile wanamooshea bomba za kunyunyizia, na dawa yote ikateremka katika kijito cha Namisu. Kesho yake kaa walipanda ukingoni wakafia huko. Watu wa chini walikuwa wameshakunywa, na watoto wakashinda wakitapika. Jumatatu bosi wetu akamwambia Edinala, "Nenda kituo namba nne, chota, pima, utie sahihi. Wanangoja waambiwe wanywe au wasinywe."

Kituo namba nne ni darajani. Namba yenyewe imepakwa rangi nyeupe kwenye nguzo, na sheria ya ofisi ni hiyo hiyo tangu tuanze kazi: chota palepale kila mwezi, usihamehame, ili vipimo vya leo vilingane na vya jana.

Tulimkuta meneja wa shamba, Bwana Chipendo, kasimama hapo na bilauri mkononi, wanakijiji wamemzunguka. Akachota, akanywa, akajifuta mdomo. "Mmeona? Nimekufa?" Wengine wakacheka. Mimi damu ilinichemka.

Edinala akajaza chupa yake. Kisanduku chake cha kupimia hakioni kila dawa, kwa hiyo alikuwa na desturi ya kugeuza mawe aone kama vidudu vya chini yake viko hai. Aligeuza moja, vidudu vya majini vikatawanyika. La pili, vivyo hivyo. Hakufurahi. "Kaa wafe, halafu hawa wacheze?" akasema, akavua viatu akashuka na maji.

Nikamfuata. Tulipolipita banda akageuza jiwe, chini yake hakuna kitu. Akageuza kumi. Hapakuwa na mdudu hata wa dawa. Akanyoosha mgongo, akalitazama banda, kisha daraja huko juu.

"Fostino, banda hili lilijengwa lini?"

"Mwaka ule wa kimbunga. Zamani lilikuwa juu kule, kupita daraja, kwenye mikaratusi."

"Na sisi tunachota wapi?"

Nikageuka kuitazama nguzo yenye namba. Banda lilihamia upande wa chini, maji yanakoelekea, namba ikabaki pale pale darajani. Miaka mitano wameosha bomba zao kwenye maji ya watu, na miaka mitano sisi tumechota juu yao. Kila mwezi Edinala aliandika: safi. Tulipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, tena chupa zetu wenyewe!

Bibi Nasiyaya, ambaye nyumba yake ndiyo ya kwanza chini ya banda, alikuwa ametushukia na fimbo yake. "Kwani kuna nini, mwanangu?"

"Bibi, maji ya hapa sijawahi kuyapima."

"Hujawahi vipi? Si wewe unayekuja kila mwezi?" Bibi akamsogelea. "Wajukuu wangu wakiwashwa ngozi, mama zao wakasema ni maji, mimi ndiye niliyewagombeza. Niliwaambia, nyamazeni, kunyweni, Edinala ameandika."

Edinala akalia palepale, miguu ikiwa majini. Meneja alikuwa ameshafika, wanakijiji nyuma yake. "Mama, kituo ni kile, serikali ndiyo iliyokipaka rangi. Andika ulichokikuta kituoni. Usikitie kitumbua chako mchanga."

"Wewe nyamaza!" Edinala alipiga kelele mpaka ndege wakaruka. "Nyamaza kabisa! Ulijua!"

Alikaa juu ya jiwe akaandika kwenye fomu, kisha akasimama akawasomea wote kwa sauti: "Maji ya chini ya banda yasinywewe. Vipimo vyangu vya miaka mitano vilichukuliwa juu ya banda, havihusu maji wanayokunywa watu hawa. Kosa ni langu. Edinala Mulima." Nakala moja akampa Bibi Nasiyaya mkononi. Bibi hakushukuru. Aliikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akaenda kuwazuia wanawake waliokuwa wakija na ndoo.

Ofisini walimfukuza wiki ile ile. "Kosa ni langu," kaandika mwenyewe, basi wakalipokea kwa mikono miwili. Bosi aliyetia muhuri miaka yote hiyo yupo. Meneja yupo. Banda lipo.

Mwezi uliofuata nilipewa mpima mpya, kijana mtanashati mwenye chupa mpya. Tulipofika darajani akanigonga bega. "Simama, kaka, namba nne hiyo hapo!" Nikaongeza moto. "We! Umepita! Mbona husikii?"

Nilisimama chini ya banda, kwenye mlango wa Bibi Nasiyaya, nikazima pikipiki, nikatia ufunguo mfukoni.

"Chota hapa," nikamwambia.