Wajamaa wa Geita tuligawanyika kwa sababu ya mwenye duara, nikampigia shangazi

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, nimeficha majina tu ili niendelee kusalimiana na watu.

Kwa miaka nimekana hadharani kwamba wajamaa tuliobaki Geita tunaenea kwenye bajaji mbili. Leo nakiri. Na ya pili ina nafasi.

Tunakutana Kalangalala, nyuma ya saluni. Mwezi uliopita tukavurugana: mwenye duara, yaani mwenye shimo la dhahabu, ni bepari au ni mnyonge mwenzetu? Nilikuwa nimeandika makala kumsifu mmoja anayegawana mawe ya dhahabu vizuri na wachimbaji wake.

Mwenyekiti akanijia juu. "Komredi, umetuuza! Uombe radhi mbele ya kikao, na faini ni kreti ya soda."

Mimi, na shahada zangu? Nikaamua kujitoa nianzishe chama changu. Wawili wakasema tuko pamoja. (Ndiyo, hiyo ni karibu nusu ya chama.)

Ukweli nilikuwa sielewi kitu. Nchi ilishajitawala, vyama ruksa, na sisi wa kushoto kazi imebaki kufukuzana. Asubuhi nina jibu kuhusu mwenye duara, jioni sina.

Kwenye hotuba ya uzinduzi nikataka kumtolea mfano marehemu babu. Miaka ya hamsini, mkoloni bado yupo, wakulima wa pamba wa Didia, yeye akiwemo, walikubaliana kuuza kwenye ushirika wao tu, wasiwape tena wanunuzi waliochezea mizani. Nimekua nikijua babu hakuyumba.

Mwenye jibu la mwenye duara aniwekee hapo chini, mimi bado natafuta. Ila la kuhama chama lilikwisha kwenye simu hii. Nilimpigia shangazi Didia, dada wa baba, nikamweleza yote.

"Nani kakudanganya hakuyumba? Alimuuzia mnunuzi. Tulikuwa na njaa."

Hotuba ikafa hapo. "Wakamfukuza?"

"Wamfukuze aende wapi? Kijiji kilikaa, wakamtoza mchenya, ile faini yetu. Dume lake la ng'ombe likachinjwa palepale uani."

"Na yeye?"

"Si alikula! Tena analalamika nyama ngumu. Msimu uliofuata pamba yake yote ikaenda ushirika."

Nikaikunja karatasi ya hotuba.

"Waliomtoza ndio waliomkatia mnofu, ng'wanone, mwanangu. Sasa wewe ukitoka hapo, utakula na nani?"