Idonea Aliyesema Hapana Mbele ya Jaji

Idonea alizaliwa Skelthorp, kijiji cha wafuga kondoo huko kaskazini mwa Uingereza, enzi ambazo mfalme alikuwa vitani na Waskoti na mahakama zake zimehamia mji wa York ili ziwe karibu naye. Baba yake, mzee Hamond, hakujaliwa mtoto wa kiume. Alipofariki alimwachia binti yake shamba la nyasi kando ya mto, na Skelthorp nyasi ndiyo uhai wenyewe. Baridi ikishika na theluji ikafunika malisho, mwenye nyasi kavu ghalani ndiye mwenye kondoo. Asiye nazo huanza kuchinja Novemba, na kufikia Pasaka amebaki na fimbo ya kuchungia tu.

Alikuwa ameolewa na Thurstan, mwanamume mrefu, mcheshi, mkata sufu hodari asiye na mfano katika vijiji vya jirani. Thurstan hakuwa mlevi wala hakuwa mtu wa kupiga mke. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: hakuwahi kuonyeshwa biashara asiipende. Ndiyo maana alikwenda York kwa Anketil, mnunuzi wa sufu, akakopa pauni kumi na mbili, akanunua kundi zima la kondoo kwa mpigo. Aliapa mbele ya meya, deni likaandikwa na kupigwa muhuri wa mfalme. Deni la namna hiyo halina kesi. Siku ya kulipa ikipita, mdai huonyesha karatasi yake ya ngozi, na liwali huja kukukamata.

Masika yale upele uliingia kwenye kundi. Sufu ikawa inanyofoka mikononi kama uozo, kondoo wakajikuna kwenye mawe mpaka damu, kisha wakaanza kufa. Siku ya kulipa ilipofika, Thurstan alikuwa bado anafukia mizoga.

Alikwenda York kuomba muda. Alirudi anapiga mluzi.

"Mke wangu, mambo yamekaa sawa," alisema akivua viatu vilivyojaa matope. "Deni limekwisha."

Idonea alikuwa anakanda unga. Hakugeuka. "Limekwishaje? Umeokota dhahabu njiani?"

"Anketil analifuta lote. Na juu yake anatupa pauni tatu za kuanzia."

"Mtu yule hata kikohozi chake hatoi bure. Anataka nini?"

Thurstan alisugua kiatu muda mrefu kuliko kiatu kilivyohitaji. "Lile shamba la mto."

"Shamba la nani?"

"Letu."

"La nani, Thurstan?"

"Haya, la baba yako! Kwani hatujaoana sisi?"

"Na wewe umeshakubali?"

"Nimempa mkono."

"Basi amepata mkono wako. Wangu huu hapa, bado uko kwenye unga."

Thurstan akacheka, maana alidhani ni utani. Akamweleza kwamba watakwenda wote York, mbele ya majaji wa mfalme, ili mauzo yaandikwe. Kwa kuwa ardhi ilikuwa ya mke, jaji angemchukua mke pembeni, mume asiwepo, amuulize kama anakubali. "Desturi tu hiyo," alisema. "Anketil anasema hajawahi kuona mwanamke aliyesema hapana. Unasema ndiyo, tunakula pai mjini, tunarudi."

Idonea hakujibu. Mumewe alichukua kimya kile kuwa ndiyo, kama wanaume wengi wa Skelthorp walivyozoea.

Wiki ile Idonea alifanya kazi zake kama kawaida. Alipika pombe ya shayiri na kuiuza, akakamua kondoo waliosalia, akamfundisha bintiye Sisot kusokota sufu. Lakini kichwani alikuwa anapiga hesabu. Shamba likienda, kondoo hao wachache nao wataenda baridi ya kwanza. Kondoo wakienda, zile pauni tatu zitaliwa kabla ya mwaka kuisha, kisha Thurstan atalima mashamba ya watu, na Sisot atatumwa kwenye jiko la watu. Shamba lisipoenda, Thurstan atafungwa. Kila alipofika hapo alianza hesabu upya, maana alimpenda mtu yule mjinga. Mpaka gari la ng'ombe linaingia lango la York, alikuwa ameshaamua.

Anketil aliwapokea nyumbani kwake kwa bashasha. Alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye sauti ya upole. Alikuwa amemwandalia Idonea gauni la kitambaa cha buluu, limekunjwa vizuri juu ya benchi.

"La kwako hilo, mama," alisema. "Mke akitoa ardhi yake, ni heshima kumvika. Livae kesho uende nalo kwa jaji."

"Ahsante, Bwana Anketil. Nikilivaa nitashindwa kurudi nalo kwenye mavi ya kondoo."

"Utazoea. Si mtakuwa na hela sasa?"

"Nimekuja na gauni langu," Idonea akasema, na kesho yake alikwenda mahakamani na lile lile la kahawia lenye kiraka begani.

Mahakama ilikuwa ndani ya ngome. Ukumbi ulinuka matope, mishumaa na sufu mbichi ya makoti ya watu. Mawakili walizungumza Kifaransa kwa kasi, na wenye kesi walisimama wakiangalia midomo yao kama wanaotazama maji yakipita. Walipoitwa, wakili wa Anketil alisoma maneno ya mauzo. Kisha jaji, mzee mwenye kikofia cheupe na mafua makali, alinyanyua kidole, na karani mmoja akamwongoza Idonea kwenye kona nyuma ya meza. Thurstan alipomfuata, karani akamzuia kwa kiganja.

"Wewe baki hapo hapo, baba."

Jaji aliuliza kwa Kifaransa, karani akageuza kwa lugha ya nyumbani. "Mheshimiwa anauliza: unajua shamba hili likiandikwa leo halitarudi kwako wala kwa watoto wako?"

"Najua."

"Anauliza: unalitoa kwa hiari yako, pasipo mumeo kukutisha?"

"Mume wangu hanitishi, hata paka hatishi." Karani aliuma mdomo asicheke. "Lakini mimi nina swali. Nikisema hapana, inakuwaje?"

Karani akamgeuzia jaji. Jaji alifuta pua, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alijibu kwa maneno machache.

"Ukisema hapana, hakuna kinachoandikwa."

"Basi hapana."

"Mama, fikiri. Huyo mwenye deni ana muhuri wa mfalme. Mumeo atalala gerezani."

"Nimefikiri njia nzima." "Mwambie Mheshimiwa nimesema hapana, nina akili zangu timamu, na sijalewa."

Jaji akainamisha kichwa mara moja kukubali, akaviringisha ngozi iliyokuwa mbele yake, akaita kesi nyingine. Ilikwisha hivyo, haraka kuliko kununua samaki.

Thurstan alipoelewa, aligeuka mweupe. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ido, umenifanya nini?" Anketil naye hakupoteza muda. Kabla jua halijashuka, watu wa liwali walimchukua Thurstan na kumtia kwenye gereza la ngome ile ile, hatua chache kutoka ukumbini.

Idonea alirudi kijijini peke yake na gari la ng'ombe. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Huyo anakuja, mke aliyemfunga mumewe!" alipaza sauti Wymark, jirani yake, kisimani. "Shoga, mwanamume humwachi kwa sababu ya majani."

"Sijamwacha. Nimemwekea pa kurudi."

"Mh! Mwenzangu ana maneno. Na akifia huko?"

Idonea alijaza ndoo yake, akajitwika, akaondoka. Swali lile lilikuwa limemuuma, lakini lilimpa pia wazo. Usiku kucha hakulipata vizuri, ila alipokuwa anakata nyasi na Sisot asubuhi, mundu mkononi, liliiva. Kila mjane wa Skelthorp alijua kwamba ardhi ya mke, hata ikishikwa kwa deni la mume, hushikwa maadamu mume yu hai. Akifa, humrudia mwenyewe.

Akavuna nyasi, akajaza ghala, akarudi York kwa miguu. Gerezani alimkuta Thurstan amekonda, anakohoa, amekaa juu ya majani machafu. Alimpa jibini na mkate. Thurstan akala bila kumtazama.

"Bado una hasira?"

"Kwani hata nikila unataka nikufurahie?"

"Ukila inatosha." Akamfunga shuka shingoni. "Mimi naenda kwa Anketil. Ukiitwa mbele ya makarani, wewe utasema ndiyo. Hii zamu yako."

Anketil alimpokea mlangoni safari hii, hakumkaribisha ndani.

"Umekuja kubadilisha mawazo?"

"Nimekuja kukuuliza mkate wa mume wangu unakugharimu kiasi gani."

Uso wa Anketil ulibadilika, maana sheria ilimtaka mdai amlishe aliyemfungisha ikiwa hana kitu, na yeye alikuwa amemlisha Thurstan majira yote yale. "Nitachukua mavuno ya shamba lako. Nina haki hiyo."

"Unayo. Mpaka Thurstan afe. Umemsikia anavyokohoa? Nenda kamsikilize, ni karibu. Siku atakayotolewa humo kwa jeneza, shamba linarudi kwangu jua halijatua. Na deni lako utamdai nani, mimi? Mimi sikuapa kwa meya."

Anketil alitazama upande wa ngome. Kisha akasema, kwa sauti isiyokuwa na upole wowote, "Sema unachotaka."

"Nusu ya nyasi yangu kila kiangazi, kwa ajili ya farasi wako wa mizigo. Na sufu yote ya kondoo waliobaki. Viangazi sita, deni limekwisha. Thurstan anatoka kesho."

"Viangazi vinane."

"Sita. Au ukanunue jeneza."

Walikubaliana saba. Idonea hakuridhika na kupeana mikono, maana alishaona mikono ya wanaume inavyofanya kazi. Alitaka yaandikwe katika magombo ya mfalme mwenyewe, zile ngozi ndefu za kumbukumbu zinazoviringishwa, ili hata Anketil akifa wanawe wasije na hadithi nyingine. Makarani wa mfalme nao walikuwa York wakati ule. Thurstan aliletwa mbele yao na pingu, akakiri deni na namna ya kulipa, na alipofika kwenye neno la kukubali alimtazama mkewe, akasema, "Ndiyo." Pingu zikafunguliwa.

Miaka saba ile haikuwa myepesi. Nusu ya nyasi haikutosha kulisha hata kundi dogo, kwa hiyo kila baridi Idonea na Thurstan walikata matawi ya miti yenye majani ya miiba yasiyopukutika, wakayapukusa na kuwapa kondoo, mikono ikijaa mikwaruzo. Walikula uji wa njegere mpaka Sisot akaapa kwamba akiolewa hatapika njegere. Kilabuni watu walimtania Thurstan: "Wewe umeomba ruhusa kutoka?" Mwaka wa kwanza alikuwa anaondoka kwa hasira. Mwaka wa tatu alikuwa anajibu, "Nimeomba, nimenyimwa, nimetoroka," na wote wanacheka. Biashara mpya zilipomjia, na zilimjia, alizileta nyumbani kwanza, akazieleza jikoni, na nyingi zilifia hapo hapo.

Kiangazi cha saba, mahakama za mfalme zilikuwa zimesharudi kusini. Anketil alikuwa mzee, na mwanawe akaanza kusema kwamba sufu ya mwaka mmoja uliokuwa na mafuriko ilikuwa pungufu, kwa hiyo inabaki deni. Idonea hakubishana naye. Aliuza kondoo wawili, akajiunga na msafara wa wachuuzi, akaenda Westminster huko kusini, yalikohifadhiwa magombo ya mfalme, safari ya majuma mawili, mwanamke aliyekuwa hajawahi kuvuka York. Kabla ya kuondoka alikwenda kwa Anketil mwenyewe kitandani, akamwambia, "Bwana Anketil, umelipwa au hujalipwa?" Mzee yule akamtazama sana, akasema, "Nimelipwa," akampa barua yenye muhuri wake, mwanawe akiwa amesimama palepale amenuna.

Westminster, karani alitafuta gombo la mwaka ule, akalikunjua mezani, akachovya kalamu, akakata maandishi yale kwa mistari ya kupishana kutoka juu mpaka chini.

"Basi?" Idonea akauliza.

"Basi, mama. Limefutwa."

"Futa tena hapo chini, wino umefifia."

Karani akachovya tena, akafuta tena.

Thurstan alitangulia kufa, kwa kikohozi alichotoka nacho gerezani, ambacho hakikumwacha kabisa. Idonea alilia sana, na kuna watu Skelthorp waliosema kilio kile kilikuwa na deni lake ndani. Yeye hakuwabishia. Alivuna nyasi miaka mingine mingi, akamwozesha Sisot kwa mwashi wa mji wa Pocklington, na alipozeeka alimwachia shamba bintiye huyo, mbele ya padre na majirani, akimwambia kwa sauti ya kusikika na wote: "Mumeo nampenda, kijana mzuri. Lakini ukiulizwa pembeni, jibu ni la kwako."