Fundi wa Bwawa na Adabu Zake

Tabora hii, bwawa la kuogelea likivuja naitwa mimi. Nadondosha wino penye ufa. Ukivutwa ndani, maji yanapita hapo. Nasema kifua mbele, sijawahi kushindwa.

Juzi niliitwa Gongoni, kwenye kibwawa cha nyumbani ambacho maji yake yalipungua kila siku. Asubuhi nzima nililala kifudifudi ukingoni, na wino ukatulia tuli. Mama mzazi wa mwenye nyumba, mgeni wa mwezi mzima sasa kutoka Usoke, akawa ananiita mara kwa mara kutoka nyuma yangu: "Mjukuu wangu, njoo unitwishe!" Mimi na malezi yangu! Naacha kazi, naamkia shikamoo, nampandishia ndoo kichwani, narudi kwenye wino. Nilijua anateka bombani.

Mwishowe nikamtangazia mwenye nyumba, majirani wakisikia: "Pameoza chini ya sakafu. Tubomoe!"

Nyundo ikiwa juu, bibi akaja, akachovya ndoo bwawani mbele yetu sote.

"Ya mwisho hii, mchicha wangu umeshiba," akasema. "Mwanangu, huyu fundi umempata. Ndoo zote kanitwisha yeye!"

Wote wakanigeukia. Nikaweka nyundo chini, nikamtwisha.