Kibao cha Mstari wa Tatu

Mbunge wetu alishona kola za mashati miaka kumi na mmoja kabla ya kuwa mheshimiwa. Kiwandani walimwita Sindano, na hadi leo jina halijamtoka. Mimi ni wifi yake, tena karani wa ofisi yake ya jimbo. Nampenda, ila kwa ubishi hana mfano.

Siku hiyo tulikwenda kiwandani kwa ajili ya wanawake tisa waliofukuzwa. Tuliwakuta wamekaa chini nje ya geti. Kosa lao? Walikwenda chooni bila kibao. Pale kila mstari una washonaji arobaini na kipande kimoja cha ubao chenye namba. Huna kibao mkononi, huinuki. Watu wazima, akina mama wenye wajukuu, wanabana mkojo wakisubiri zamu! Nikikumbuka, damu inanichemka.

Meneja alitukaribisha ofisini kwake kwa tabasamu pana.

"Mheshimiwa, nitawarudisha wanane. Yule kiherehere wao, hapana."

"Tisa," alisema Sindano.

"Chama chako kimeshanipigia simu. Wanasema usikuze mambo."

"Tisa."

Tukazunguka hapo hapo saa mbili nzima. Chai ikaja, tukanywa, ikaja nyingine. Mwishowe Sindano aliinuka, akamgeukia msimamizi wa mstari wa tatu aliyeitwa kutoa ushahidi, akanyoosha mkono. Yule msimamizi naye, bila kufikiri, akatoa kibao mfukoni akampa.

Mbunge mzima, aliyekula kiapo, ameomba ruhusa ya kwenda haja! Niliona aibu ikimpanda usoni, kisha hasira ikaifukuza.

"Wifi, umeona?" akaniambia. "Miaka sita nimeondoka hapa, mkono bado haujajua."

Chooni hakwenda. Alifungua mlango, akaingia katikati ya mashine, kibao amekiinua juu.

"Jamani, hiki naondoka nacho, nakipeleka bungeni. Aliyebanwa aende!"

"Hiyo ni mali ya kiwanda!" meneja alifoka.

"Nishtaki."

Mwanamke mmoja akainuka. Akafuata wa pili. Mara mstari wote, kisha mistari yote, wakaelekea chooni wakicheka, mashine zikabaki zimezimwa. Meneja jasho likamtoka, maana mzigo wa mashati ulitakiwa uondoke jioni ile ile.

"Mheshimiwa, tafadhali, waambie warudi kazini."

"Foleni ni ndefu, baba," alijibu Sindano. "Na wale tisa bado hawajaenda. Wafungulie geti."