Siku Niliyomnyamazisha Barasa Harusini Matulo

Walisema sitaweza, na nianzie hapo, maana nikianza moja kwa moja na aibu yenyewe mtasahau mnaongea na nani. Kule kijijini Kwanza nilikozaliwa walisema kijana wa kupalilia mahindi hawezi kuvumilia joto la Doha, atarudi kabla nguo hazijakauka. Nikakaa miaka. Niliporudi na diploma ya ufundi wa sauti (niliisoma jioni, baada ya kubeba spika za hoteli mchana kutwa) wakacheka, ati tangu lini sauti ikasomewa, si hata ng'ombe ana sauti na hajaenda shule. Walisema sitafungua biashara Kitale. Nikafungua, chumba kizima karibu na soko, spika zimepangwa mpaka darini, jina langu juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Kwa hivyo mjue anayewasimulia si mtu wa kushindwa ovyo. Lakini ni kweli pia kwamba nikishuka Matulo leo, watoto wa shule wakiniona wanafungua na kufumba midomo bila kutoa sauti, kama samaki, halafu wanakimbia, na wazazi wao wanajifanya hawajaona kitu. Nilijitakia. Wacha niwaeleze.

Mbali na kukodisha vyombo, mimi ndiye ninayesimamia bendi moja ya hapa Kitale. Simiyu anapiga gitaa la solo namna ambayo ukimsikia ukiwa njiani unasahau ulikuwa unaenda wapi. Besi inatembea vizuri, ngoma hazina haraka, na kuna kijana wa litungu, kinubi chetu cha jadi, ambaye akigusa zile nyuzi hata wazee wenye magoti mabovu wanaanza kutafuta fimbo zao wainuke. Bendi nzuri, bana, nzuri kabisa. Shida ilikuwa mwimbaji. Barasa ndiye aliyeianzisha, kwa hivyo hafukuziki, na anajipenda kuliko ninavyojipenda mimi (Nekesa anasema hilo haliwezekani). Sauti yake inatoka puani, inapanda mahali ambapo wimbo unataka kushuka, na akilishika neno la mwisho haliachi, analivuta likitetemeka kama bati lililolegea wakati wa upepo. Nilikuwa nikimsikiliza Simiyu amejenga kitu kizuri kwa gitaa, taratibu, kama mtu anayetandika kitanda, halafu Barasa anaingia na viatu vyake vya matope na kulala juu yake.

Huyo Nekesa niliyemtaja ni mchumba wangu. Ni mwalimu, kwao ni Matulo, na dada yake mkubwa alikuwa anaolewa. Nikajitolea kuleta vyombo na bendi, bure, zawadi yangu kwa familia. Msinisifu bado. Nilikuwa na mtu mmoja niliyetaka anione, mjomba wao, kaka mkubwa wa mama yake Nekesa, mzee anayeitwa Wepukhulu. Kwetu Wabukusu mjomba wa msichana hapuuzwi. Baba anaweza kukukubali, mama akakupikia kuku, lakini mjomba akikunja uso mazungumzo ya mahari hayaanzi. Na mzee huyu alikuwa ameukunja tangu siku aliyoambiwa kazi yangu. Alimwuliza Nekesa kama mwanamume mzima anaweza kulisha watoto kwa kelele. Nikasema mwache aje harusini asikie hizo kelele zikipangwa na mtu mwenye diploma.

Harusi za kule, mchungaji akishamaliza yake na watu wakishakula, ni mwimbaji anayeita koo za pande zote mbili. Kila upande umeketi kwenye hema lake na zawadi zake, na hakuna anayeinuka mpaka mwimbaji alitie jina lake ndani ya wimbo. Akishalitia, wanainuka wakicheza, mkubwa wao mbele, wanaenda kwa maharusi. Kuinuka bila kuitwa ni kujipendekeza. Kutoitwa, wakati wengine wote wameitwa, ni kuambiwa mbele za watu kwamba hutambuliki. Haya si mambo niliyofundishwa baadaye. Nayajua tangu utotoni, na ndiyo sababu sina pa kujifichia.

Siku yenyewe ilianza vizuri hata nikajiogopa. Vyombo vilikuwa vinatoa sauti safi mpaka kule barabarani, watu wananiangalia, na mimi nimeketi nyuma ya mashine yangu ya kuchanganyia sauti, miwani ya jua, hedifoni kichwani. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemwonyesha Nekesa mashine yote kwa madaha, kwamba kila chombo kina kitufe chake cha kupandisha na kushusha, hiki ni cha Simiyu, hiki cha litungu, hiki cha mwisho chenye utepe mwekundu ni cha Barasa. Alisikiliza vizuri. Yeye ni mwalimu, anasikiliza vizuri kila kitu, na hilo lingekuja kunimaliza.

Barasa akaanza kuita. Akaita upande wa bwana harusi, wakaja. Akaita ukoo wa baba ya bibi harusi, wakaja, vumbi likapanda. Halafu Simiyu akaingia na solo moja ambayo sijawahi kuisikia kabla wala baada ya siku hiyo, na nikamwona mjomba kule hemani, nawaapia, anatikisa mguu. Mguu mmoja tu, lakini unatikisika. Nikasema leo nimempata. Na hapo hapo Barasa akafungua mdomo, ile pua ikalia, na mguu wa mzee ukasimama.

Nikakishusha kitufe. Kidogo tu. Solo ikang'aa. Nikakishusha tena kidogo, ikang'aa zaidi, na mguu ukaanza tena, na mwenye kiburi akishaona mambo yanamwendea hajui kuacha, nikakishusha mpaka chini kabisa. Sasa, uzuri wa mpango wangu (niliuona ni uzuri) ni kwamba kuna spika ndogo inayomwangalia mwimbaji ili ajisikie mwenyewe, na hiyo sikuigusa. Kwa hivyo Barasa alijisikia yuko sawa, vijana wa bendi walimsikia yuko sawa, na harusi nzima ilisikia magitaa na litungu peke yake, tamu kama sukari guru. Barasa anatoka jasho, mishipa ya shingo imesimama, anafungua na kufumba mdomo. Ndiyo hiyo wanayoniigiza watoto.

Wimbo huo ndio aliokuwa anaitia ukoo wa upande wa mama.

Mtaniuliza si nilikuwa nasikia kwenye hedifoni. Nilikuwa nimeitoa sauti ya Barasa humo mapema, kulinda masikio yangu. Mtaniuliza si nilijua zamu iliyofuata ni ya nani. Nilijua, lakini nilikuwa nimeichukia ile sauti kiasi kwamba kwa muda wote wa kufanya naye kazi sikuwahi kufuatilia anasema nini. Kwangu ilikuwa kelele. Mama mmoja wa jikoni alikuja mpaka mezani kwangu akiongea na kunionyesha jukwaa, na mimi, hedifoni zimeniziba masikio, nikadhani ananipongeza, nikamwinulia kidole gumba. Akaondoka akitikisa kichwa. Nikaona hata wapishi wamenikubali.

Kule hemani walikuwa wanangoja. Kila mtu ameshika zawadi yake, mjomba ana blanketi zito la kumfunika mpwa wake mabegani, wanangoja jina lao. Waliona pande nyingine zikiitwa. Sasa wanaona mwimbaji anawatazama usoni kabisa, anawanyoshea mkono, anatikisa mdomo, na jina halitoki. Ebu fikirieni walivyolielewa hilo. Niliinua macho kutoka kwenye mashine nikaona mguu hautikisiki tena, mzee amesimama, analikunja blanketi taratibu, anaweka kwapani, anatoka, na hema zima linamfuata kuelekea barabarani. Bibi harusi akaona. Akaangua kilio, muziki ukakatika, na mama yake akawa anakimbia nyuma ya ndugu zake bila kiatu kimoja.

Baba mwenye harusi akamvamia Barasa, kwa nini amewaruka watu. Barasa akaapa kwa jina la mama yake kwamba amewaita mpaka koo limekauka. Mtu akasema basi ni spika mbovu. Na hapa, ndugu zangu, ningenyamaza tu. Ningesema ndiyo, waya umelegea, tukaomba radhi, tukaita upya. Lakini kusema mashine yangu ni mbovu, mbele ya umati, mimi mwenye diploma? Nikachukua maiki yangu ya mezani nikatangaza, moja, mbili, mnanisikia mpaka kule barabarani, vyombo hivi havina kasoro yoyote, na kweli nilisikika mpaka barabarani. Nikaiweka maiki chini bila kuizima.

Nekesa akaja. Hakuja kwa hasira. Akainama juu ya mashine kama anayesahihisha daftari la mtoto, akaweka kidole kwenye utepe mwekundu.

"Si uliniambia hiki ni cha Barasa?"

"Ndiyo."

"Mbona kiko chini?"

"Nilimpunguza kidogo tu, mpenzi. Sauti yake inaharibu bendi nzuri, inalia kama bati. Nilitaka mjomba wako asikie muziki, asimsikie yule."

Nilikuwa nanong'ona. Spika zangu, ambazo hazina kasoro yoyote, zilinong'ona pamoja nami, kwenye mahema yote, jikoni, na juu ya mahindi ya jirani. Neno bati lilirudi kutoka upande wa pili wa shamba. Nikamwona Nekesa anafumba macho. Nikamwona Barasa jukwaani anageuza shingo pole pole. Halafu mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akaambukiza wengine, mpaka mchungaji alikuwa amejifunika uso kwa programu ya harusi.

Kitu kimoja kiliniokoa, kwamba barabarani nako walisikia. Mjomba akarudi, blanketi bado kwapani, watu wake nyuma, akapita mbele yangu kama ninavyopita mimi mbele ya kisiki, akaenda kwa Barasa.

"Wewe, ulikuwa umeniita?"

"Mzee, nimekuita mara mbili. Ya pili nikaongeza na jina la babako."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akaagiza aitwe upya, na kitufe akakishika Nekesa, mimi nikiwa nimesimamishwa kando nimeshika hedifoni kama mwizi aliyepatikana na kuku. Bibi harusi akafunikwa blanketi, akafuta machozi, sherehe ikaendelea. Nikadhani yameisha. Jioni, watu wakitawanyika, mzee akaniita mbele ya baba mkwe wangu mtarajiwa (kama bado nilikuwa na ruhusa ya kumwita hivyo).

"Kuna watu waliotoka hapa wamevimba, wakaenda zao, hawakurudi," akasema. "Hao bado wana majina yao kwako. Uyarudishe. Nyumba kwa nyumba, mlangoni kwa kila mmoja, kwa sauti ya huyu huyu Barasa. Ukimaliza uje kwangu. Usipomaliza, usije."

Mtu aliyemaliza diploma Doha, ndugu zangu, alizunguka vijiji vya Matulo mchana kweupe na spika begani, Barasa nyuma yake na maiki, Simiyu na gitaa, majirani wakiacha majembe kuja kutazama. Barasa hakuwa na huruma. Majina yaliyokuwa ya mstari mmoja aliyapa mistari minne. Kila neno la mwisho alilivuta huku akinitazama, likitetemeka, na mimi nikitakiwa nisimame karibu na spika ili isianguke. Kwa dada mdogo wa mama yake Nekesa ilikuwa balaa zaidi, kwa sababu kwa mila yetu huyo naye ni mama mkwe, hatutazamani usoni, ikabidi nibebe ile spika mbele ya uso wangu nikitembea kama mlango unaokwenda wenyewe, nikamkanyaga bata. Yule mama aliitwa, akacheza mpaka langoni, akacheza akirudi, halafu nikamsikia akimwambia Barasa arudie pale kwenye jina la nyanya yake. Akarudia. Bata alikuwa mzima.

Nyumba zikaisha. Waliokuwa wamevimba wakatoa chai, wengine wakatoa na mihogo, na ya mwisho ilikuwa kwa mjomba mwenyewe, ingawa yeye alikuwa ameshaitwa. Alitaka kuitwa na nyumbani kwake pia. Barasa akamwita vizuri (namaanisha vibaya, lakini kwa moyo wote), mzee akasikiliza mpaka mwisho amefumba macho, kisha akamtuma Barasa jikoni akanywe chai, na mimi akanivuta pembeni, nyuma ya ghala la mahindi.

"Sasa hiyo sauti unaionaje?"

Nikatazama jikoni. Nikasema ni nzuri, mzee.

"Wacha uongo. Ni mbaya sana." Akapunguza sauti. "Hapa Matulo nzima nani anaipenda? Lakini akiniita, najua nimeitwa." Akanyoosha mgongo. "Mwambie baba yako aje tuongee. Aje na wazee, asije na spika."

Nilienda mpaka kwenye pikapu miguu ikiwa myepesi, kwa sababu siku hiyo hakukuwa na mtu yeyote, upande wote wa mama, niliyekuwa na jina lake mfukoni. Barasa alikuwa ameshaketi mbele, kikombe mkononi, akaniuliza kama nilisikia alivyopanda pale kwenye jina la mjomba. Nikamwambia nilisikia.

Bado siipendi. Lakini nimeapa, na Nekesa ni shahidi, kwamba kitufe chenye utepe mwekundu hakitashuka tena nikiwa hai. Siku ikinizidi kabisa navua hedifoni, nampa Simiyu ishara, naenda kuketi nyuma ya jenereta mpaka wimbo uishe.