Weupe wa Jicho

Siku waliyokwenda kuchagua kamera, mke wa mpiga picha alivaa gauni la rangi ya udongo, kwa sababu nguo nyeupe zilikuwa zimeanza kumsaliti. Weka kola nyeupe chini ya uso uliopigwa manjano, hata asiyejua kusoma atausoma. Maisha yake yote ya ndoa mama huyu aliyatumia kujua rangi ipi inaficha na ipi inasema, na sasa ujuzi huohuo akawa anautumia kumficha mume wake mwenyewe. Mtaani walimwita Mama Picha. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu.

Mume ndiye aliyebonyeza kitufe, lakini kazi ilikuwa ya wawili. Mke ndiye aliyewapanga mabibi harusi, akawafuta watoto kamasi, akawakumbusha wanaume wanene kuvuta matumbo ndani. Ndiye aliyeshika ubao mweupe wa kurudishia mwanga mpaka mikono ikafa ganzi. Watu wakishaondoka alikaa kwenye kompyuta, katika kile chumba cha nyuma chenye pazia zito, akarekebisha rangi picha moja baada ya nyingine. Mume alikuwa hawezi tena. Mtoto wa jicho alikuwa amemtandazia ukungu macho yote mawili. Jicho la kwanza walilifanyia operesheni likaharibika zaidi, na la pili akaapa hakuna kisu cha mtu kitakacholigusa. Mwanga wa dirisha ukimpiga usoni, dunia nzima ilimgeukia maziwa. Kwa hiyo alilenga kwa mazoea, mke akiwa pembeni anamnong'oneza: rudi nyuma, bwana harusi amefumba, piga tena. Wateja waliona wazee wawili wananong'onezana, wakadhani ni mapenzi. Na mapenzi yalikuwemo pia, tusiwanyime haki yao.

Kisha mwili wa Mama Picha ukaanza kumwasha. Alilaumu sabuni, akabadilisha sabuni. Akalaumu maji. Alipoona macho yake yamepiga manjano kwenye kioo cha bafuni aliacha kulaumu, akaaga kwamba anakwenda kumwona dada yake, akaenda hospitali. Daktari hakumzungusha. Uvimbe ulikuwa umekaa kwenye njia ya nyongo na ulikwisha kutapakaa. Wakate wasikate, mwisho ni uleule. Alitoka akakaa kwenye benchi la korido, miongoni mwa watu waliobeba bahasha za eksirei. Alijaribu kuwaza kifo chake, akashindwa. Alichowaza ni kwamba mume wake atabaki peke yake mbele ya harusi iliyojaa watu, na hakuna wa kumwambia nani amefumba. Hofu ikamshika hapo, hofu hasa.

Akakata shauri kwenye benchi hilohilo. Kulikuwa na kamera mpya, zile zisizo na kioo ndani, ambazo zinalitafuta jicho la mtu zenyewe na kulishika, hata mpigaji awe nusu kipofu. Mume apate moja ya hizo kwanza, ndipo aambiwe. Akiambiwa kabla, alimjua: akiba yote ingekwenda kwa madaktari, ikitoka kwa madaktari ingekwenda kwa waganga, na ingeisha kabla ya ugonjwa. Mke angezikwa vilevile, na mume angebaki na kamera kuukuu asiyoweza kuilenga. Kwa hiyo alijikaza. Akawa anakaa akiipa taa mgongo, anapika mlango ukiwa umeegeshwa, anacheka kwa kufinya macho. Kumficha mtu asiyeona vizuri ni kazi rahisi, na urahisi wake ulimuumiza kuliko uvimbe.

Duka la kamera lilikuwa na taa nyingi kupita kiasi, kama maduka yote yanayouza vitu ambavyo mtu anatakiwa avitamani. Mzee aliingia akiwa amekinga kiganja juu ya paji la uso. Muuzaji, mama wa makamo mwenye maneno ya kutosha mkutano mzima, aliwapa viti.

"Karibu mzee, karibu mama. Hii hapa ni fulu fremu, ile yenye kihisi kikubwa, na haina kioo ndani. Ile yako ukibonyeza kioo kinapiga kofi, pa! Hii kimya kabisa. Unampiga picha mtoto amelala, haamki."

"Mimi na kofi langu tumelea watoto na kuwasomesha," mzee akajibu. "Halijawahi kunitukana."

"Shika kwanza, ndipo unikatalie."

Akashika. Akaipima uzito mkononi kama mtu anayenunua nyama, akaguna, akaweka jicho lake lenye nafuu kwenye kitundu cha kutazamia. Ndani ya kitundu kile hakuna dirisha wala taa ya kuumiza; kuna giza pande zote, na katikati kiskrini kidogo kinachong'aa. Aligeuza kamera taratibu kwenye rafu, akaifikisha ukutani.

"Usiweke mikoba juu ya kaunta," alisoma kwa sauti. "Mama watoto, naona. Naona maandishi yale!"

Mama Picha alifurahi, Mungu ni shahidi, furaha ya kutaka kupiga kigelegele pale dukani. Hapohapo akaipa taa mgongo. Kama anaona maandishi, ataona na mengine.

"Sogea pale mlangoni nikuone," mzee akasema.

"Mpige dada hapa. Mimi leo sijajipamba."

"Dada simjui. Kila lenzi niliyonunua nimeijaribu kwako. Wewe ndiye kipimo changu."

Ilikuwa kweli. Alisimama mlangoni. Muuzaji akafunga lenzi ya milimita themanini na tano, nene, yenye kioo kipana cha mbele, akisifu jinsi inavyompenda mtu usoni na kuvitupa ukunguni vitu vyote vya nyuma yake. Mama Picha aliangalia chini. Akajifanya anatafuta kitu mkobani.

"Inua uso. Kuna kisanduku cha kijani hapa kinahangaika, kinatafuta jicho lako."

Akainua, akacheka kwa kufinya macho kama alivyozoea nyumbani. Kisanduku kikalipata jicho kikakaa. Kitu alichokitaka kuliko vyote katika kamera hiyo, ndicho sasa kilichokuwa kimetua juu yake, na hakikubanduka hata alipogeuza shingo. Mzee akabonyeza, kisha akaikuza picha kama alivyoelekezwa, mpaka jicho la mke wake likajaa kitundu kizima.

"Dada, rangi ya hii ni mbovu," akasema. "Weupe wa jicho umetoka njano."

"Ni taa za hapa, mzee. Ngoja tuipimie." Muuzaji akachukua karatasi nyeupe, akaipiga picha, akaipangia kamera rangi upya. Mzee akampiga mke picha tena, akakuza tena.

"Karatasi nyeupe, jicho njano! Nyie mnaniuzia nini? Hizi kampuni hazijawahi kuijua ngozi yetu. Wanazipima kamera kwa watu wao, sisi tunaletewa tugeuzwe rangi."

Lalamiko hilo alikuwa nalo tangu enzi za filamu, na enzi za filamu lilikuwa la haki. Ndiyo maana lilimjia haraka hivyo. Muuzaji akatoa kamera ya kampuni nyingine. Mzee akapiga, akakuza, akatikisa kichwa. Kamera mbili za viwanda viwili tofauti kufanya kosa lilelile mahali palepale, hilo lingemshtua mtu wa kawaida. Fundi hashtuki upesi hivyo. Fundi ameshazoea kugombana na vyombo.

Muuzaji alikuwa ameelewa. Alimtazama Mama Picha machoni, akatazama na viganja vyake, na maneno yote yakamwishia. Mama Picha alimtikisia kichwa kidogo tu: usiseme. Wakatazamana hivyo, wanawake wawili wasiojuana, huku mzee akivua shingoni mikanda ya kamera na kuzirudisha kaunta.

"Twende zetu," alisema. "Nitabaki na yangu ileile. Kamera isiyojua macho ya mke wangu itayajua ya nani?"

Mama Picha hakuondoka mlangoni. Angeweza kumfuata. Wangekwenda duka jingine, na huko pia angetakiwa asimame mlangoni, na kamera ya huko pia ingekataliwa kwa ajili yake. Kila kamera nzuri mjini ingeonekana mbovu maadamu kipimo ni yeye. Alikuwa amebana siri ile ili mume apate kamera, na siri ndiyo iliyokuwa inamnyima. Alitamani dakika nyingine moja ya kuwa mke mzima wa mtu.

"Mpige dada," akasema.

"Wa nini? Nimeshakwambia—"

"Mpige yeye, baba watoto. Halafu ukuze."

Mzee alinung'unika, akachukua ile kamera ya kwanza, akamlenga muuzaji, ambaye alisimama wima kama anayepigwa picha ya pasi ya kusafiria. Hakuna mlio uliosikika. Mzee akakuza. Jicho la muuzaji lilikuwa jeupe, jeupe la kawaida kabisa, lenye kamshipa kamoja kekundu. Alilitazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha bila kuishusha kamera akageuka mzima mzima kuelekea mlangoni, na safari hii mke wake hakufinya. Aliyafumbua yote mawili.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza."

"Mvua zimeshakatika."

"Ndiyo."

Aliishusha kamera, akafikicha macho kwa mgongo wa mkono, kwa hasira, kama anayetaka kuyang'oa. "Nakutazama kila siku," alisema. "Asubuhi nikiamka nakutazama wewe kwanza. Kila siku nakutazama!"

"Si kosa lako."

"Rudisha boksini, dada. Tunakwenda hospitali."

"Nimeshatoka huko. Wameniambia nikapumzike nyumbani."

Hilo alilielewa. Mtu aliyepiga picha misiba mingi kiasi kile hahitaji kutafsiriwa. Alikaa kitini, akaweka kamera mapajani, na muuzaji akajitia kupanga rafu iliyokuwa imepangika.

Mama Picha akaja akasimama mbele yake, akaongea harakaharaka, kwa sauti ya kupanga watu kwenye harusi. "Sikiliza. Pesa inatosha kamera na lenzi moja. Chukua lenzi ya ishirini na nne hadi sabini. Kumbi zenyewe ndogo, na utakuwa peke yako, hutakuwa na wa kukushikia begi ukibadilisha lenzi. Ile inachukua ukoo mzima, na ukiivuta inachukua mtu mmoja. Hata rangi iachie kamera, ipange yenyewe. Utakula kwa ile lenzi. Umenisikia?"

"Nimesikia." Akafunika lenzi ya themanini na tano kwa kiganja. "Nachukua hii."

"Hiyo ni ya uso mmoja!"

"Najua ni ya nini."

"Huwezi kupigia harusi kwa hiyo. Utarudi nyuma mpaka utoke nje ya ukumbi. Baba watoto, mimi nikishaondoka utaifanyia nini?"

Mzee aliinua kamera akaiweka jichoni, pale pale alipokaa, na kwa ukaribu ule kisanduku hakikuhangaika hata kidogo. Mama Picha alikasirika, akakasirika kweli, kwa sababu mpango wake wote, na uongo wote wa miezi ile, ulikuwa unatupwa mbele ya macho yake na mtu asiyejua kesho atakula nini. Alifungua mdomo amgombeze. Machozi yakamtangulia.

"Nikufungie boksini, mzee?" muuzaji akauliza kwa sauti ya chini.

"Bado," mzee akasema, jicho likiwa kitunduni. "Bado namtazama."